Mashua Moja na Mkwe

Mama yangu hakuwahi kumtazama usoni mume wa dada yangu mdogo. Walikuwa wakwe, na kwetu mama mkwe na mkwewe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Wakiwa na la kuambiana, wanamtuma mtu wa tatu, hata kama huyo wa tatu amesimama katikati yao na kila mmoja anaisikia sauti ya mwenzake vizuri kabisa. Mgeni akiona hudhani kuna ugomvi. Hakukuwa na ugomvi wowote. Mama alimpenda kijana yule kuliko alivyotupenda sisi aliotuzaa, nami nilimwambia hivyo mara nyingi. Alinijibu kwamba heshima si utumwa, akaendelea kukoroga chai yake.

Mimi nilikuwa shemeji, na mambo ya shemeji ni mengine. Tulitaniana mpaka watu wakatuonea haya. Alikuwa mvuvi wa Rukala, kule chini Budalang'i ambako mto Nzoia unakaribia kuingia ziwani. Alipocheka ulianza kuuona mwanya wake wa mbele, kisha ndipo sauti ikafuata. Mimi aliniita Serikali, kwa sababu nilifanya kazi katika ofisi za wilaya pale Busia. Nikiteremka kwenye gari tu, anapaza sauti kuwaambia majirani wafunge kuku wao, Serikali imekuja na njaa.

Hiyo serikali yangu ilikuwa chumba kimoja. Nilikuwa karani wa kamati ya maafa: meza, taipu, ramani ya wilaya ukutani, na redio ya polisi chumba cha pili iliyokohoa kuliko ilivyosema. Kazi yetu ilikuwa kuyangoja maji. Mafuriko ya Budalang'i hayaanzii Budalang'i. Mvua hunyesha huko juu milimani, wakati Rukala jua linawaka na kina mama wanaanika dagaa wa omena, na maji yako njiani yanakuja. Kati ya mto na watu kuna tuta la udongo, na tuta lile kila mwaka lilikuwa na mahali papya pa kuvujia.

Niseme ukweli, kazi ile ilinitia hasira. Nilikulia Malaba. Mama alikuwa na kibanda cha chai na maandazi kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka kuingia Uganda, na miaka ile ya tisini malori mengi yalibeba chakula na maturubai ya kwenda kwa wakimbizi wa nchi za mbele. Madereva walilala pale siku nyingi wakinywa chai ya mama, migongo ya malori imejaa vitu vile vile ambavyo kamati yetu iliviomba kila msimu bila kupata. Sikuwaonea wivu wakimbizi. Ila niliporudi ofisini na kusikia mkubwa wetu akifungua kikao kwa kusema kinga ni bora kuliko tiba, nilitamani kumuuliza kinga ipi.

Hata hivyo mpango wetu ulikuwa mzuri, na bado nasema ulikuwa mzuri. Kila kijiji kipewe mashua yake, na mpiga kasia awe mtu wa kijiji kile kile, achaguliwe na wenyewe kwenye baraza. Zamani walikuwa wanaletwa wapiga kasia wa kutoka mbali, wakagonga nguzo za nyua zilizofunikwa na maji, wakapita juu ya nyumba za watu wakizitafuta. Mwenyeji anajua nani mgonjwa, nani kipofu, kichuguu kipi ni kirefu. Watu wapakiwe boma kwa boma ili watoto wasipotee. Watu wa misaada wakatoa jaketi moja la kuelea kwa kila mpiga kasia, la rangi ya chungwa. Rukala walimchagua shemeji yangu, na dada yangu alinilalamikia kwamba jaketi lile analivaa mpaka kanisani.

Hakuna aliyeuliza kikaoni mkwe atakaa na nani mashuani. Na kila mtu mezani pale alikuwa na mkwe, kuanzia mkubwa mwenyewe. Lakini mama mkwe haishi kwa mkwewe, yuko kwao mbali, na mambo ya ukwe hayaandikwi kwenye mpango, kwa sababu hakuna asiyeyajua.

Kisha dada yangu akajifungua mtoto wa kwanza. Mama alifunga kibanda chake, akabeba unga wa wimbi na kuku, akaenda Rukala kumpikia mwanawe uji. Alilala kwa jirani, mjane mmoja aliyefurahia kupata mwenzake wa kuongea. Asubuhi alingoja mkwe aende ziwani ndipo aingie kumwogesha mtoto. Jioni aliondoka kabla hajarudi. Shemeji naye, akirudi mapema, alikohoa kuanzia mbali ili mama apate nafasi ya kutokea nyuma. Dada alisema nyumba yake ilikuwa na amani kuliko wakati mwingine wowote, watu wawili wanaokimbiana kwa upendo.

Tuta lilivunjika asubuhi moja watu wakichota maji ya chai. Redio ilikohoa, nikasikia neno Rukala, nikaanza kupiga simu huku na huku kutafuta lori. Nilipata moja la ujenzi wa barabara. Tulipita Funyula tukiwa na blanketi chache na mahindi, mimi mbele na dereva, mkubwa wetu nyuma yetu kwenye gari lake. Njia nzima sikuwa na wasiwasi wa kweli. Nilijiambia kwamba kama kuna kijiji chenye mtu wa kutegemewa, ni kile. Mtu anayevaa jaketi la kuelea kanisani hawezi kuwaacha watu wake.

Tulipofika, sehemu ya tuta iliyobaki imara ilikuwa imejaa watu, mbuzi, masufuria na magodoro. Upande wa mto maji, upande wa mashamba maji. Mapaa ya nyasi yalionekana juu ya maji, na miti ya mikuyu imesimama mpaka mabegani. Nilianza kazi iliyonipeleka, kuwatenga wagonjwa, kuuliza ni boma gani halijafika. Ndipo nikaona mashua inakuja kutoka upande wa Rukala, na ndani yake rangi ya chungwa. Moyo wangu ukatulia. Nilimwambia mkubwa wetu kwamba yule ni shemeji yangu, angoje amsikie atakavyonitukana mbele ya watu.

Mashua ilipokaribia, aliyeshika kasia alikuwa mwanamume mmoja jirani yao, akivuta vibaya, mashua ikiyumba. Dada yangu alikaa katikati, amemkumbatia mtoto aliyefungwa kwenye leso ninayoijua, leso ya mama ya kwendea sokoni. Na aliyevaa jaketi alikuwa mama.

Tulimteremsha. Alikuwa na shimizi tu chini ya jaketi lile, limefungwa mpaka juu shingoni, na miguu mitupu. Nilimuuliza dada mwenye jaketi yuko wapi. Alinieleza haraka haraka, kama mtu anayetaka jambo lisikie aibu likarekebika lenyewe.

Maji yalipoingia, mama alimkimbilia dada, wakapanda na mtoto kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Mtoto alikuwa amelowa, mama akavua leso na nguo yake ya juu akamfungia, akabaki na shimizi. Shemeji alikuwa ametangulia kwa wazee wa upande wa chini, kama mpango ulivyosema, wagonjwa kwanza. Akawapeleka, akarudi na jirani wa kumsaidia. Alipokiona kichuguu na kuona mama yuko vipi, aligeuza mashua kinyumenyume, akawajia akiwa amewapa mgongo. Dada alipanda na mtoto. Mama akabaki amesimama.

Kumpandisha kulitaka mtu wa kumshika mkono na kiuno. Jirani alikuwa mbele, ameshika mti ili mashua isichukuliwe. Aliyekuwa karibu ni mkwe. Na hata kama angepandishwa na upepo, angekaa magoti kwa magoti na mkwewe, naye karibu uchi.

Mama alimwambia dada, "Mwambie sitapanda. Aende nanyi, arudi mtu mwingine."

Shemeji alikuwa hatua chache tu. Alingoja dada ayarudie maneno yale, kama inavyotakiwa. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mwambie mama asihangaike. Nashuka mimi."

Dada alimsihi. Alimwambia kwamba siku ya maji haina ukwe, kwamba Mungu hataangalia. Shemeji alijibu kwamba Mungu haangalii lakini mama ataangalia, ataishi na aibu hiyo. Alivua jaketi, akaliweka juu ya ubao wa kukalia, akasema mama ajisitiri nalo. Akashuka majini upande wa pili, akazunguka kichuguu akiogelea, akasimama upande wake wa nyuma, amewapa mgongo, mpaka dada alipomvuta mama akaingia, jirani akisaidia kwa mkono mmoja. Dada alipotazama nyuma, alimwona amepanda juu ya kichuguu, bado ameangalia kwingine. Alinyoosha mkono juu bila kugeuka, kuwaaga.

Jirani alirudi mara moja kumchukua. Lakini alikuwa fundi cherehani, si mtu wa maji, na kabla hajafika nusu ya njia tuta lilikatika tena, upande wa juu. Tulisikia kishindo kutoka pale tuliposimama. Maji yalishuka na miti mizima, yakamrudisha yule jirani kwetu bila kasia. Kichuguu hakikuonekana tena.

Maji yalikuwa yamezidi unga, na mimi nilikuwa ndiye wa kugawa unga. Nilizunguka juu ya tuta lile nikigawa blanketi, nikiwajibu watu, nikimsikia dada yangu akiita jina la mumewe kuelekea majini. Nililia huku nikifanya kazi. Sikujua kufanya kimoja bila kingine.

Walimpata maji yalipopungua, amenaswa kwenye mafunjo upande wa ziwa, wavuvi wenzake ndio waliomtoa. Alipelekwa hospitali ya misheni kule Nangina kungoja maziko. Kamati ilikaa baadaye, na mimi nikaomba kusema, jambo ambalo karani hafanyi. Nilisema kila mashua iwe na mwanamke wa kuwapokea wanawake, na leso kavu. Na mgeni aliyekuja kwa mkwewe achukuliwe na mashua ya kijiji kingine. Afisa mmoja kijana, aliyetoka mbali, aliuliza kama kweli watu wanaweza kufa kwa sababu hiyo. Wazee wote mezani waliinamisha macho. Ilibidi nimjibu mimi, na nilimjibu vibaya, nikamwambia kwamba kwao pia watu wanakufa kwa ajili ya kitu, akakitafute. Mapendekezo yangu yaliingia kwenye mpango. Mwaka uliofuata nilisikia yamesaidia mahali fulani. Sikuona furaha yoyote.

Nirudi nyuma kidogo: siku ya kwenda kumchukua Nangina, mama alisema anakwenda. Watu wa upande wa shemeji walishtuka. Kwa mila zetu mama mkwe hauoni mwili wa mkwewe, humlilia kwa mbali, na hata mazikoni hukaa nyuma ya watu. Mzee mmoja, baba yake mdogo shemeji, alisimama mlangoni mwa chumba cha maiti, akaniambia mimi, ili mama asikie, kwamba jambo hilo haliwezekani.

Mama naye aliongea kupitia kwangu. Alisema, "Mwambie mzee nguo yake nimeivaa. Hakuna tena kilichobaki cha kuoneana haya."

Mzee akasogea, akageuza uso wake ukutani, mama akapita.

Niliingia naye nikimshika kiwiko. Alikuwa amevaa vizuri, nguo ya kanisani, kitambaa kichwani, leso mpya. Mhudumu alifunua shuka mpaka kifuani. Mama alisimama kwanza akitazama sakafu, kama alivyozoea akisikia kikohozi cha mkwewe njiani. Nilidhani atashindwa, turudi nje. Kisha aliinua macho taratibu, akamtazama usoni, kwa muda mrefu sana. Midomo ya shemeji ilikuwa imeachana kidogo.

"Kumbe ana mwanya," mama alisema.

Alisema vile kama mama anayeonyeshwa leo bwana harusi wa binti yake. Alinyoosha kidole, hakumgusa, akakirudisha. Alimtazama tena. Halafu akanigeukia mimi, mimi niliyekuwa nimetaniana naye miaka yote ile, akaniuliza alikuwa anachekaje.

Nilifungua kinywa nimwonyeshe. Sikuweza.