Maana ya Butoyi

Mwezi uliopita, sokoni Mpanda, mama anayeniuzia migebuka aliomba namba yangu ili anipigie mzigo ukifika. Akauliza, "Nikuseve jina gani?" Nikamwambia Butoyi. Akaacha kufunga samaki, akanitazama.

"Na Bukuru yuko wapi?"

Nikasema simjui mtu huyo. "Humjui vipi? Kwetu Warundi pacha wa kwanza ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi. Nyie si mlizaliwa wawili?"

Ndugu yangu, samaki niliwaacha palepale mezani.

Ngoja nikurudishe Kawajense, kwenye nyumba yetu ya tofali za kuchoma, nikiwa darasa la pili. Shuleni nilitumia jina la ubatizo. Butoyi lilikuwa la nyumbani, na aliyelipenda kuliko wote ni bibi, mama yake baba. Siku moja tukichambua maharage nilimuuliza maana yake. Akasema, "Ni kipenzi cha bibi." Nikaamini, nikatamba nalo mtaa mzima. Kirundi hatukufundishwa. Baba alitaka tuongee Kiswahili tu, kile kingine wakakiweka kwa mambo ambayo watoto hatukutakiwa kusikia. Majirani walikuwa Wakonongo na Wasukuma, nani angenishtua?

Sasa kila kitu kinanirudia vibaya. Bibi akinichomea kiazi kitamu alikikata vipande viwili, akapuliza kimoja, akapuliza cha pili, nikala vyote. Nilidhani ananidekeza. Halafu yale magimbi yake nyuma ya jiko, ambayo hayakuvunwa hata siku moja. Kuyamwagilia jioni ilikuwa kazi yangu. Kisima kilikuwa mbali na wenzangu walishaanza kucheza rede, basi nilikuwa nachota nusu ndoo, namwaga chapchap, nakimbia. Bibi alinigombeza kwa hilo kuliko kosa lolote, na mimi nikamwona mkorofi.

Nilipotoka sokoni nilipanda bodaboda mpaka Kasokola, kwa mama. Hakukana. Alisema Bukuru, dada yangu, alifariki tukiwa na wiki tatu, na bibi akakataza asitajwe. "Aliogopa ukimjua utamfuata." Nikauliza alizikwa wapi. Mama akaendelea kupepeta mahindi.

"Mama, usiniambie ni kwenye magimbi."

"Ni hapo, mwanangu."

Bibi hayupo, baba hayupo, na hasira yangu haina wa kuipokea. Walinisaliti, siwezi kutafuta neno laini zaidi. Kila siku waliniita kwa nusu ya majina ya watu wawili, nami nikaitika nikicheka.

Nyumba ile iliuzwa zamani. Nilipita wiki jana. Nyuma ya jiko pamemwagwa zege, vijana wanaosha pikipiki, na maji yanatiririka kutwa nzima, mengi kuliko niliyomwaga mimi utoto wangu wote.

Bibi, ungeniambia. Ningejaza ndoo.