Verna wa Asubuhi

Katika bonde la mto Musselshell, kule Montana, mwenye farasi mkaidi alimpeleka kwa Verna Tollefson. Verna alikuwa mama mfupi, vidole vimepinda kwa kuvunjika mara nyingi, na sauti yake ya chini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Farasi aliyekwisha kumlaza bwana wake hospitali, kwa Verna aliinamisha kichwa avikwe hatamu.

Ila huyo alikuwa Verna wa asubuhi. Wa alasiri alijulikana na mumewe tu, Orrin.

"Asubuhi nakaa na malaika," Orrin alikuwa akimtania. "Jua likipinda, naletewa mama mkwe."

Verna alicheka, akamrushia kitambaa cha vyombo. Nani asiyechoka?

Kiangazi kimoja aliletewa farasi jike mchanga, wa kijivu, aliyewahi kunaswa kwenye seng'enge, akawa anaogopa kila kinachomgusa mgongoni. Alikataa tandiko tangu asubuhi. Alasiri, jua linachoma na nzi hawana adabu, Verna akamwekea tena, naye akaliangusha tena. Hapo mkono wa Verna ukaokota kamba, ukamchapa yule mnyama usoni. Ukarudia, na ukarudia.

"Verna! We Verna! Umeingiwa na nini?" Orrin alipiga kelele kutoka uani.

Verna aliitazama ile kamba kana kwamba ameshikishwa na mtu.

Jioni alisukuma sahani yake kando. "Nimeharibu, Orrin. Hatanisogelea tena maisha."

"Kalale, mama."

"Nimemchapa usoni!"

"Nimeona. Hata mimi nilimwogopa yule mwanamke. Lakini sijawahi kuamka naye asubuhi."

Kulipopambazuka Verna alikwenda zizini mikono mitupu, akaketi kwenye nyasi zenye umande. Milima ilikuwa inaanza kushika wekundu. Akajichungulia moyoni, akashangaa: subira aliyoitafuta jana akaikosa ilikuwa imejaa tele, pana kama bonde lenyewe. Hakuifanyia kazi. Hakuiomba. Ilikuja na mwanga, ikamkuta amekaa.

Yule wa kijivu alisimama mbali, masikio yamelala nyuma. Akapiga hatua, akasita. Akapiga nyingine. Mwishowe akaweka pua shingoni mwa Verna, akashusha pumzi ya moto, ndefu. Verna hakuthubutu hata kufuta machozi.

Tangu siku hiyo, chakula cha mchana kikiiva, zizi lilikuwa likifungwa. Bwana Haugen, mfugaji wa mbali, alifika alasiri moja kumwona akifunza farasi, akalalamika.

"Bi Verna, nimeendesha gari toka asubuhi! Nionyeshe kidogo tu."

"Njoo alfajiri."

"Kwani farasi wako hulala mchana?"

"Farasi hawana neno, bwana. Wa kufungiwa ni mimi."

Haugen alinung'unika, akalala garini. Alfajiri alimwona Verna akizunguka zizi juu ya yule wa kijivu, bila tandiko wala hatamu, mikono imelegea mapajani. Haugen aliposhtuka, kofia yake ilikuwa mkononi, kama yuko kanisani.

Uzeeni, mikono ilipokataa kazi na farasi wote walipouzwa, Verna bado alitoka nje kabla ya jua.

"Unatafuta nini kwenye baridi hiyo?" Orrin alimwita kutoka mlangoni.

"Sitafuti kitu, baba. Nastaajabu tu. Jana jioni nilikutukana, nawe ukanyamaza. Leo nimeamka, wema nimeukuta umerudi wenyewe."