Shangazi wa Nyota Tisa

Jumapili hiyo Pudentienne alirudi kutoka misa ya pili, akavua viatu vya kanisani, akavaa vya kila siku, kisha akavivua hivyo navyo na kurudia vile vya kanisani. Kama ni kuaibika, alijiambia, basi mtu aaibike akiwa amevaa vizuri.

Aibu yenyewe ilikuwa ikimngoja saa tisa alasiri, mtaani Biryogo, kwenye ile njia iliyopakwa rangi ambako magari hayapiti tena na watu wanakunywa chai katikati ya barabara. Huko, kwenye mkahawa wa Usumani, mashabiki wa Nyota Tisa walikuwa wamepanga kutazama kipande cha mwisho cha hadithi mpya. Na yeye walimwalika kama shahidi.

Kwa asiyezijua, sinema za Nyota Tisa ni tatu, za zamani, za kutoka ng'ambo. Falme tisa zinaelea angani. Mfalme na malkia wanauawa, na mtoto wao Zorani, angali ananyonya, anafichwa ndani ya merikebu ya kubeba barafu na mwanamke mmoja aitwaye Velisi. Mtoto anakua. Siku anapodai kiti cha baba yake, Velisi anamkatalia, anakikalia mwenyewe miaka saba. Hapo ndipo watu hugawanyika. Kuna wanaosema aliilinda nchi, kuna wanaosema ni mwizi mwenye kilemba. Baadaye zikazuka hadithi za pembeni, vitabu na katuni, na sasa hii ya vipande vinane inayoeleza ujana wa Velisi.

Pudentienne aliingiaje humo? Kwa ukuta. Aliporudi kutoka Bujumbura, mwaka tisini na tano, aliweka cherehani yake Biryogo, ubavuni mwa banda la video la Usumani. Mikanda ilikuwa ya Kifaransa, watazamaji walikuwa wa Kiswahili, na katikati alisimama msimulizi aliyejua Kifaransa kama mbuzi anavyojua kuogelea. Pudentienne alisoma kwa masista mpaka darasa la sita, na katika darasa lile hakuna aliyemshinda imla. Alivumilia siku tatu. Ya nne akapaza sauti kupitia ukutani, "Hakusema atakuoa, bwana! Amesema atakuua!" Banda zima likacheka. Usumani akaja kugonga.

"Mama, kwa nini usiingie ndani?"

Akaingia, akakaa miaka tisa. Mchana anashona, jioni anasimulia. Usumani alikuwa na sheria moja tu: kabla mkanda haujaanza, msimulizi aletewe glasi ya chai ya tangawizi. "Koo kwanza," alikuwa akisema, na watu sitini wanangoja hadi glasi iishe.

Sasa sikilizeni lilipotokea jambo lenyewe. Siku ya kwanza ya Nyota Tisa, mkanda ulikuwa umeliwa na mashine mahali fulani, pale malkia anapomkabidhi mtoto. Picha ikawa mvua tupu, sauti ikawa chafya. Vilipotulia, mtoto yuko mikononi mwa Velisi na mtu mmoja anamwita "tante". Kifaransa hakijisumbui: dada wa baba ni tante, dada wa mama ni tante. Kiswahili hakikuachi upite hivyo, wala Kinyarwanda. Ama ni shangazi, ama ni mama mdogo. Huwezi kusimama mbele ya watu sitini ukasema "mojawapo ya hao". Pudentienne alikuwa na pumzi moja ya kuchagua. Akasema, "Shangazi."

Kwa nini shangazi? Kwa sababu yeye mwenyewe alivushwa mpaka wa nchi akiwa na miaka minne, mgongoni mwa shangazi yake, akalelewa naye Buyenzi, Bujumbura, kwa mandazi na makofi. Alipoona mwanamke anakimbia na mtoto wa watu, hakujua jina lingine la kumwita.

Neno likashika. Biryogo nzima ikajua kwamba Velisi ni dada wa mfalme, damu ya kiti, na kwamba miaka ile saba ilikuwa haki yake. Gasana, aliyekuwa mtoto wa mstari wa mbele, alipokuwa mtu mzima alifungua duka la kinyozi na kuandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu: SHANGAZI VELISI. Na Pudentienne, ambaye hakupata mume wa kudumu wala nyumba ya ghorofa, alipata hili: akipita njiani, watu wanasema, "Yule ndiye aliyetufundisha Nyota Tisa."

Wiki mbili kabla ya Jumapili hiyo, Kaliza, shabiki mbishi kuliko wote, alitangaza kwamba kipande cha nane kitaonyesha kwao Velisi. "Tutajua ni dada wa nani. Na mukecuru, bibi yetu yule wa cherehani, aje asikie mwenyewe." Tangu hapo Pudentienne alishona zipu mbili kinyume.

Alipofika, Gasana alimfutia kiti kwa taulo la kinyozi.

"Mukecuru, karibu! Kaa mbele. Leo tunamzika Kaliza."

"Umzike nani, wewe?" Kaliza alikuwa mfanyakazi wa bima, amekulia Kampala, anaishi Kagugu, na hakuwahi kukubali kushindwa kabla ya kumaliza chai. "Jina tu limekushinda. Sema Velisi."

"Verisi."

"Ve-li-si!"

"Si ndivyo nimesema? Verisi. Shangazi wa Zorani. Damu ya mfalme. Mfalme akifa, dada yake anashika nyumba mpaka mtoto apate akili. Iko wazi."

"Nani kasema shangazi? Mimi nimetazama zote tatu kwa Kiingereza, mara kumi. Hawasemi. Dunia nzima haijui, ila Biryogo tu."

"Mama Pudentienne alisema."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

Pudentienne akaizungusha glasi iliyokuwa mbele yake. Usumani, sasa mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuwa ameileta mwenyewe na kunong'ona, "Koo kwanza." Hakuigusa.

Runinga ikawashwa. Nusu saa ya kwanza ilikuwa vita na moshi. Kisha ikaja nyumba ya udongo chini ya miezi miwili, na ndani yake wasichana wawili wanasukana nywele. Mkubwa akavishwa nguo nyekundu, akapandishwa merikebu ya bi harusi kwenda kwa mfalme. Mdogo akaikimbilia ile merikebu mpaka miguu ikamwisha, akilia, "Dada! Dada yangu!" Kamera ikamsogelea usoni. Velisi.

Dada wa malkia. Mama mdogo.

Kaliza, aliyekuwa ameungojea ushindi huo miaka minne, aliushika mkononi asijue auweke wapi. Watu wote walimtazama Pudentienne, kisha wakajifanya hawamtazami, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Gasana akaruka. "Hadithi za pembeni hazihesabiwi!"

"Eh! Wiki iliyopita zilihesabiwa!"

"Zimetungwa na watu wengine, wale wa zamani wamekwisha kufa. Hii ni biashara. Sinema ni zile tatu, basi." Akamgeukia mwanamke mzee kwa macho yale yale ya mtoto wa mstari wa mbele. "Sivyo, Mama? Wewe ulisikia kwa masikio yako, kwenye mkanda. Waambie."

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja, "ndiyo", na angerudi nyumbani na heshima yake nzima. Mkanda wenyewe ulikwisha kuoza zamani. Nani angembishia?

Pudentienne alisimama. Hakupenda kusema jambo zito akiwa amekaa.

"Sikusikia," alisema. "Mashine ilikuwa imeula mkanda. Nilisikia 'tante' tu, na tante ni wote wawili. Nikachagua. Nilisema shangazi kwa sababu mimi nililelewa na shangazi. Nimekaa na jambo hili miaka karibu thelathini. Anayetaka kucheka, acheke sasa, nipo hapa."

Kaliza ndiye aliyecheka, lakini si kicheko alichokitarajia.

"Mama, wewe ulikosea jina la ndugu. Unajua sisi Kampala msimulizi alituambiaje? Alisema Velisi ni mke mwenza! Mke mdogo wa mfalme, mwenye wivu, ndiyo maana anamnyima mtoto kiti! Nimeingia chuo kikuu nikiamini hivyo. Nimegombana na watu!"

"Mke mwenza!" Usumani alilazimika kuiweka birika chini. "Ye baba we!"

Kicheko kikapita meza hadi meza, mpaka kwa watu wasiojua kinachochekwa. Pudentienne alisikia kitu kinashuka kutoka mabegani mwake, polepole, kama mtu anayekutua mzigo kwa nyuma.

Ila Gasana hakucheka. "Basi ni mwizi," alisema kwa huzuni. "Kama si damu ya mfalme, kiti hakikuwa chake. Na mimi nimemweka juu ya mlango."

"Mwizi wa nini?" Pudentienne alikuwa bado amesimama, na sauti yake ya banda ilikuwa imerudi bila kuitwa. "Ninyi mmesoma vyuo, lakini hamkukaa jikoni kwa shangazi yangu. Yeye alituambia mambo ya wafalme wa hapa. Mfalme hakutawala peke yake. Alitawala na mama yake, na mama akiwa amekufa, alitafutiwa mwingine wa kusimama mahali pake. Na walipenda atoke kwenye ukoo wa mama, si wa baba. Bila mama, hakuna mfalme. Haya. Malkia amekufa. Velisi ni wa tumbo moja naye. Nani mwingine angesimama?"

Gasana akapiga meza hata vijiko vikaruka. "Kumbe haki yake ni kubwa zaidi!"

"Ngoja," Kaliza alisema, "ngoja kwanza. Kusimama na mfalme, sawa. Lakini alimzuia asikalie kiti, miaka saba!"

"Umemwona yule mtoto anavyoendesha merikebu?" Pudentienne alimuuliza. "Wewe ungempa nchi?"

Kaliza akamalizia chai yake. "Hiyo... nitaijibu Jumapili ijayo."

"Njoo na wakili," Gasana alisema. Kisha akakumbuka. "Lakini Mama, kile kibao changu? Niandike 'Mama Mdogo Verisi'? Nani atakuja kunyoa ndevu kwa mama mdogo?"

"Utafuta, utaandika upya. Kosa langu halitaning'inia mlangoni kwa mtu. Na uandike kwa L."

Usumani alisogea kuichukua ile glasi. "Imepoa hii, dada. Nikuletee nyingine."

"Iache hapo," Pudentienne alisema, akaketi. Akainywa chai ile baridi yote, bila kupumzika, na watu wakangoja hadi iishe. Kisha chini ya meza, ambako hakuna aliyeona, akavitoa visigino vyake nje ya vile viatu vya kanisani vilivyokuwa vikimbana tangu asubuhi.