Chumba Nisichokifikia

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata viatu nilivyovaa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa tukikaa Makindu kwa sababu baba alifanya kazi ya reli, na susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alikuwa amekuja kwa basi kutoka Nuu na magoti yake mabovu. Hakuja kutuona sisi. Alikuja kwa ajili ya handaki.

Nyinyi mnalijua. Ni lile shimo la wanajeshi lililo ng'ambo ya reli, mnakoenda siku hizi kupiga picha na simu zenu. Wakati wa vita vya Wazungu, risasi ziliwekwa humo chini. Mtoto wa kwanza wa susu, Musyoka, aliingia jeshini akiwa ameoa juzi tu, akaenda, na nyumbani haikufika barua wala karatasi ya kusema amekufa. Jina lenyewe kwa Kikamba ni la mtu wa kurudi. Susu alimngoja zaidi ya miaka ishirini, na Kalunda, mke wake Musyoka, alingoja pamoja naye.

Basi mwaka huo mzee mmoja aliyekuwa askari alipita Nuu, akamwambia susu kwamba vita vikiendelea, upande mmoja wa handaki la Makindu uliporomoka ukafukia wanajeshi. Waliopona walichora majina ya wenzao kwa msumari kwenye ukuta wa chumba cha ndani. Mzee hakuyakumbuka majina. Aliukumbuka ukuta. Susu hakujua kusoma, na ngazi za kushukia zilikuwa zimebomoka, magoti yake yasingeziweza. Mimi nilikuwa mjuaji wa darasa, kila Jumapili nasomea watu Biblia kanisani huku nimeinua kidevu. Nikatumwa mimi.

Susu aliketi kwenye jiwe pale mlangoni, nami nikashuka na koroboi. Chumba cha kwanza kilikuwa na makopo yenye kutu na majani makavu, basi. Mwisho wake palikuwa na mlango mfupi wa kuinamia. Nilipoingiza kichwa tu, popo walinijia usoni, moto ukazimika, na kitu kikanishika nywele. Mwanangu, nilikimbia. Sikusoma hata herufi moja.

"Umeona jina yake?" susu akaniuliza nilipotokea juu.

Ningesema nini? Msomaji wa kanisa, ametoroka popo! Nikajibu, "Hakuna, Susu."

"Umeangalia yote?"

"Yote. Hakuna."

Akafunika uso kwa leso akalia, nami nikadhani nimemuumiza. Kumbe ilikuwa furaha. "Kwa hivyo ako hai," akasema. "Mtoto yangu ako hai mahali." Njia nzima alinishika mkono akiimba nyimbo za kanisa. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikaufunga, maana sikuwa nimewahi kumsikia akiimba. Nikajiambia nitamwambia tukifika nyumbani. Tulipofika, alikuwa ameshaanza kuwahadithia majirani.

Kesho yake alirudi Nuu na habari yangu. Wakati huo mwanamume mmoja wa kanisani, aliyefiwa na mke, alikuwa amemwomba Kalunda waoane, na Kalunda alikuwa amekaribia kukubali. Susu akamwambia bwana yake hayumo kwa waliokufa, msomi wetu amekagua. Kalunda akamkataa yule mtu. Susu alikufa akiwa bado anauliza kama Musyoka amefika. Kalunda akazeeka peke yake katika nyumba ile, kila jioni akiweka kando sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, ya mtu ambaye hangekuja, na tukamzika bila mtoto wa kumlilia. Nilipokuwa nikimtembelea alinishukuru. Yaani alinishukuru mimi! "Wewe ndio ulitupea roho," alikuwa akiniambia.

Sasa mwezi uliopita mjukuu wangu Mwende alirudi kutoka huko na vumbi kichwani, simu mkononi. "Susu, cheki hii. Kuna majina huko ndani kabisa."

Nikavaa miwani. Majina yalikuwa tisa. La sita lilikuwa limepinda kidogo: MUSYOKA NUU.

Nilimwambia alikuze, nikaliangalia mpaka simu ikaisha chaji. Tangu siku hiyo sina amani, na sitakudanganya kwamba naitarajia. Mungu nimemwomba msamaha, lakini wale wanawake wawili nitawaomba wapi? Wamelala Nuu. Na Musyoka yuko nyuma ya ukuta ule, hatua chache kutoka pale nilipogeuka nikakimbia.

Sikukatazi kuogopa, mwanangu. Popo nawaogopa hata leo. Ninalokukataza ni kusema "hakuna" pale unapotakiwa kusema "sikufika". Hakuna ni neno la mtu aliyefika mwisho akamulika kila pembe. Ukitumwa kumtafuta mtu hospitalini, au kumsomea karatasi mzee asiyejua kusoma, na miguu ikakataa, rudi useme sikufika. Watakucheka siku moja tu. Susu angenicheka pia, kisha angemtuma mwingine kabla jua halijatua, na Kalunda angelia msiba wake akaumaliza, akaolewa.

Mungu akupe macho ya kufika mwisho, mwanangu, na pale yasipofika akupe mdomo wa kukiri hivyo. Na ukienda tena kule na wenzako, ukishamaliza picha zako, ingia chumba cha ndani, ulitafute lile jina la sita, ulisome kwa sauti. Mimi nitaketi juu pale kwenye jiwe nikusikilize. Magoti yangu sasa ni ya susu.