Kuku wa Mwisho wa Bibi

Nyundo juu ya bati husikika mbali sana kule Newala, kwa kuwa uwanda wa juu hauna kilima cha kuizuia sauti. Mwaka ule zililia kila upande. Ilikuwa miaka ya soko huria, wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wamepandisha malori yao hadi vijijini, na aliyeuza vizuri alishusha nyasi na kupandisha bati, ili mvua imletee maji nyumbani badala ya kuyafuata bondeni. Baba naye akaezua, akaanza kuezeka bati. Uwanja wetu ukajaa misumari iliyopinda, vipande vya waya na ncha za bati, vyote viking'aa juani.

Bibi, mama yake baba, hakuyapenda mapambo hayo. Alikuwa na kuku wake, kizazi cha kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, alichotoka nacho kwao Tandahimba alipoolewa, na kila alfajiri kabla ya kuwafungulia alifagia uwanja, kisha akaupita tena ameinama, akiokota kwa vidole kila kilichong'aa. "Kuku hana mkono," aliniambia. "Akitaka kukijua kitu, hukimeza." Mtoto wa kuku hafundishwi kuchakura, lakini Bibi alijua pia kwamba hafundishwi kuchagua.

Akafariki kazi ya bati ikiwa nusu. Hakuugua, alilala mchana, hakuamka. Waombolezaji walikuja toka Lulindi na kwingineko, na kuku wake wakachinjwa mmoja baada ya mwingine kuwalisha, kama ilivyo ada. Akabaki kishingo mmoja mwekundu, aliyekuwa akilalia mayai pembeni mwa jiko. Mama alimwombea huyo mbele ya wazee, akisema mbegu ya marehemu isiishie kwenye sufuria, nao wakakubali.

Kwetu uwanja wa msiba haufagiwi mpaka tanga lianuliwe, isije ikawa ni kumfagia marehemu. Kuku anayelalia naye hutoka mara moja kwa siku, anakula, anajitikisa vumbi, anarudi. Mama alimfunika kwa tenga, kuku akapigana nalo hadi akavunja yai, ikabidi amwachie. Alimwagia mahindi mlangoni. Kuku akayaruka, akaenda zake uwanjani kulikong'aa. Asubuhi ya pili Mama akashika ufagio. Shangazi Somoe, dada mkubwa wa baba, akamjia taratibu na kumshika mkono.

"Mama Zuhura, unamfagia nani?"

"Nafagia misumari, wifi. Kuku wa mama atameza."

"Misumari ina haraka gani? Ndiyo kwanza tumemzika. Au bati jipya limekupa hamu ya uwanja safi?"

Wanawake mikekani wakainama. Mama alikuwa mke wa mwana tu. Akaurudisha ufagio nyuma ya jiko.

Siku ya kuanua tanga akafika Mzee Chilumba, mtani wetu, Myao wa Masasi, amechelewa kwa kukosa gari. Alianza kazi yake ya utani langoni. "Huyu bibi mjanja. Kasikia mvua ya kwenye bati ina kelele, akaona ahame mapema." Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Kisha akaona uwanja. Hakuuliza ruhusa ya mtu; akauchukua ufagio, akafagia huku akiwatukana wenye msiba kwa uchafu wao, na misumari akaikusanya ndani ya kofia yake. Shangazi akamwachia, maana mtani hakatazwi. Mama alimtazama kama aliyepigwa.

"Kumbe mtani anaruhusiwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Mngeniita kwa ajili ya misumari hii, ningepanda hata lori, juu ya magunia," alisema Mzee Chilumba, sasa bila utani. "Mtani yupo kwa ajili hiyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Mtani mwingine aliishi mtaa wa pili. Katika kilio kile hakuna aliyemkumbuka.

Kishingo alikuwa ameshaacha kula. Upanga wake wa kichwani ukapauka, akakaa juu ya mayai shingo imelala, na asubuhi moja tukamkuta amekufa, mayai yamepoa chini yake. Mama alimpasua. Ndani ya firigisi mlikuwa na kipande cha waya, ncha yake imetokeza nje. Mama hakuwa amelia msibani mbele za watu. Alilia pale jikoni, mikono ina damu, akimwita Bibi kwa jina la heshima kama anamwomba radhi. Shangazi Somoe akaja, akakaa chini kando yake. Mayai yale tuliyafukia chini ya mkorosho.

Leo naishi Masasi mjini, nafuga kuku ndani ya uzio. Kila asubuhi naburuta uwanjani sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, nayo huibuka na misumari ambayo macho hayakuiona. Sijapoteza kuku kwa waya. Mama alipokuja kunitembelea alisimama uzioni kwa muda mrefu, akiwachambua mmoja mmoja.

"Hawa wametoka kwa nani?" aliuliza.

Nikamwambia ni vifaranga wa kununua, wametoka kwenye boksi, hushushwa na basi. Akatazama pembeni, kama mtu aliyepewa habari za msiba ambao hakupata kwenda kuzika.