Kitanda Hakiwambwi na Mtu Mmoja

Vijana wangu, nyinyi mnaonunua kitanda asubuhi Masasi na kukilalia jioni ileile, kaeni niwaambie. Sitawabembeleza.

Nakumbuka siku mume wangu alipokimaliza kitanda chetu, hapahapa Newala, mwaka tuliooana. Baadaye watu walimwita Baba Zuhura, kwa jina la binti yetu. Alichonga matendegu ya mninga kwa tezo, akatoboa mifumbati, ile miti mirefu ya ubavuni, akaunganisha yote tundu kwa ulimi. Hakupigilia msumari hata mmoja. Kisha akanipa ncha ya kamba.

Kuwamba, wanangu, ni kazi ya wawili. Mmoja anavuta, mwenzake anaibana kamba tunduni kwa kijiti isirudi. Mmoja akiachia, mwenzake anaanguka chali. Na katika ukoo wetu kitanda cha mume na mke hakiguswi na mkono wa tatu. Kikilegea, wanakikaza wenyewe, hata kama wamenuniana. Mara nyingi tulianza kukaza hatusemezani, tukamaliza tunatafuta cha kula pamoja.

Ikaja ruksa ya biashara. Malori yakawa yanapanda kutoka Masasi na magodoro ya sponji na vitanda vya kupigilia. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Miaka ile kilichotembezwa ndicho kilichonunuliwa. Waliokuwa wakimsubiri Baba Zuhura miezi mizima wakaacha kubisha hodi. Akaitia tezo kwenye gunia, akateremka Masasi kupigilia vitanda vya mfanyabiashara mmoja. Sikumlaumu. Mtoto alitaka kula.

Mwanzoni alipanda mara kwa mara. Halafu ikawa msimu wa korosho hadi msimu. Kitanda kikabonyea katikati, nikawa nalala kama mzigo uliotupwa shimoni. Nikajaribu peke yangu: kamba kiunoni, mguu kwenye mfumbati. Nikivuta huku, kule inarudi. Nikamwendea mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye kwetu ndiye mwenye neno, nikamwomba anishikie upande mmoja tu. Akakataa.

"Mpwa wangu, nitakuezekea nyumba, nitakulimia shamba. Kamba ile ina mwenyewe. Nikiishika mimi, nitakuwa nimekwambia harudi."

Nilirudi kwangu nikatandika mkeka.

Siku moja Baba Zuhura akaja, yuko juu ya lori na kitanda kipya cha misumari, zawadi yangu. Alipochungulia chumbani akacheka.

"Mama Zuhura, hiki si kitanda tena, ni kisima."

"Kisima chenyewe kikavu," nikamjibu. "Shika upande ule."

Akavua shati, akashika. Mikono yake ilikwisha kuzoea nyundo, ikaruka tundu. Nikamwambia afumue, akafumua. Kamba ikaanza kulia, ule mlio wa kukazika. Nilitaka jambo moja tu, wanangu, tufike mwisho. Niliona moyoni kwamba tukifika mwisho atalala pale, na akilala pale ataona uzito kuondoka.

Tulipita nusu. Lori likapiga honi barabarani. Akageuza kichwa, akaachia. Kamba ikafyatuka tundu kwa tundu mpaka tulikoanzia, nami nikaanguka chali. Akaniinua, akanipangusa vumbi mgongoni.

"Nitakuja kumalizia," akasema.

Hakuja. Kipupwe kilipopita, habari zikapanda kwamba ana mke Masasi. Mjomba akateremka, akarudi na talaka yangu. Zuhura akakua, akaolewa, akaniletea wajukuu. Uani kuna kelele, chumbani kwangu hamna. Mna vitanda viwili. Cha misumari kiliyumba kabla ya masika ya pili. Cha mninga kimesimama vilevile, hakina kamba. Mimi nalala mkekani, katikati ya hivyo viwili. Msinihurumie, nawaeleza tu.

Basi shikeni haya. Kitu cha mkono kinadai mkono tena na tena. Usikianze kama huna nia ya kukirudia. Usione haya kamba ikilegea, kamba zote hulegea. Ona haya kumwachia mwenzako akiwa amevuta kwa nguvu zake zote. Na kama ni lazima uachie, mwambie kwanza, ajishike. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kidole kilichoachwa ghafla huvunjika chenyewe.

Mungu awape mikono yenye subira, awape na mtu wa kushika upande wa pili, awazeeshe pamoja.

Hapa nyumbani nimekwisha agiza. Mjukuu wangu akileta mchumba, maneno ya posa yasubiri. Kile kitanda cha mninga kitolewe uani, wapewe kamba, wawambe wawili, na mtu asiwashikie. Watakaofika mwisho waondoke nacho.