Samaki wa Mama Basil na Ndoo ya Kuogea

Tangu binti yake kitindamimba aolewe, nyumba ya Mama Basil pale Newala ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Alipokwenda Masasi kupima presha, alikaa pale kliniki mbele ya tangi la kioo lenye samaki wekundu, akawatazama wakigeuka taratibu mpaka asisikie jina lake likiitwa. Akanunua samaki wanne dukani, akarudi nao ndani ya mfuko wa nailoni, na kioo chao amekifunga kwa kanga.

Mume wake, Yoeli, hakucheka.

"Mama Basil, bomba limekauka tangu juzi, wewe unaleta wageni wa kukaa ndani ya maji?"

"Watakaa, baba."

"Ukigusa pipa langu la maji ya akiba kwa ajili yao, wanarudi Masasi."

"Zaidi ya ndoo yangu moja ya kila siku, pipa silisogelei. Watatumia hiyohiyo ya kuogea."

Muuzaji alikuwa amemwambia maji ya bomba yalale kwanza, dawa ya kuua vijidudu itoke. Akayalaza, akayafunika vizuri kama alivyofundishwa na mama yake. Asubuhi akawamiminia. Kufika adhuhuri, samaki mmoja alikuwa anaelea, tumbo juu.

"Huyo keshaamua," Yoeli akasema.

Mama Basil aliomba kimoyomoyo, kisha akainua mfuniko wa ndoo, penye maji yaliyosalia. Harufu ya dawa ikampiga puani. Itatokaje, Bwana wangu, na mimi nimeifungia mlango?

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, ndoo ililala wazi nyumbani kwake, juu yake kipande cha chandarua tu. Jirani yake Adija alishika kiuno.

"Shoga, mende wataoga humo!"

"Waoge wakipita kwenye chandarua. Mimi nataka dawa itoke."

Kesho yake alichota kwa kopo nusu ya maji ya kwenye kioo, akamimina yale mapya polepole. Yale ya zamani akaenda nayo bafuni.

"Leo umeogea mchuzi?" Yoeli akauliza, akinusa.

"Nimeoga, baba, na samaki wamepata. Ndoo ni ileile moja."

Akafanya hivyo siku baada ya siku, bila kununa. Samaki watatu wakachangamka, wakaanza kugombania punje za chakula.

Jumamosi Yoeli alichungulia pipa lake, akaona maji hayajapungua kuliko kawaida, akalifunika. Akavuta kigoda mpaka mbele ya kioo, akakaa.

"Hawa wamekula?"

"Bado," Mama Basil akasema. "Na usogee kidogo, baba, unaniziba."